Betri Imesingiziwa

Ukifungua boneti ya Peugeot 504 kando ya barabara pale Chwele, utapata madaktari kabla hujapata spana. Muuza vitunguu atakwambia betri imekufa. Kijana wa bodaboda atasema ni altaneta. Mzee aliyeegemea baiskeli yake, ambaye ujanani aliendesha gari kama hilo akibeba abiria kutoka Bungoma hadi Nairobi, atakusalimu "mulembe", atazame kidogo, kisha atoe hukumu ya tatu inayozipinga zile mbili. Wote wana uhakika. Hakuna aliyepima kitu.

Huku Kabuchai, na njia yote ya kupitia Kimilili na Kamukuywa hadi Kitale, gari la zamani si pambo la kupeleka kwenye maonyesho ya Nairobi likiwa limepakwa nta. Ni gari la kazi. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na pikapu zake ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Land Rover nazo ziliunganishwa Thika. Kwa kuwa kwa kawaida sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, magari haya yaliyopo ndiyo yaliyobaki, na mengi yana namba isiyo na herufi ya mwisho. Yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha waya wake na imani yake. Waya mtu anaweza kuukata. Imani ndiyo ngumu, kwa hiyo nitazichukua moja moja, zile ninazozisikia mara nyingi kuhusu chaji.

"Betri imekufa, nunua nyingine."

Hili ndilo dai linalowamaliza watu pesa kuliko yote, na sababu ni kwamba kwa muda mfupi linaonekana kuwa kweli. Betri mpya imetoka dukani ikiwa na umeme wake. Gari linawaka, fundi analipwa, mwenye gari anaondoka akipiga honi. Siku chache baadaye yuko kando ya barabara tena, safari hii akiwa na betri mbili zisizo na kitu. Betri ni ghala, si shamba: likiwa tupu, uliza kwanza kama kuna mavuno yanayoingia.

Kuliuliza swali hilo kunahitaji mita ya kupimia volti, ile ndogo ya njano inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Pima mara tatu. Kwanza, gari likiwa limelala usiku kucha, weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikishuka chini ya 12 iko karibu tupu. Hapo ndipo wengi wanapokosea wakisema, "Si betri ni ya volti 12? Basi 12 ni sawa." Si sawa. Betri ya volti 12 ina seli 6, kila moja ikiwa na volti 2 na ushei, na huo ushei ndio chaji yenyewe.

Pili, pima mtu akipiga stata. Usomaji utashuka, na ni lazima ushuke, lakini usipite chini ya 9.6 hivi. Tatu, injini ikiwa imewaka na imepandishwa hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, pima tena kwenye betri ile ile. Ukiona kati ya 13.8 na 14.4, gari linachaji. Ukiona 12.3 na inaendelea kuteremka, halichaji, na hata ukiweka betri mpya kila Jumatatu haitasaidia. Ukiona zaidi ya 15, linachaji kupita kiasi: katauti imeshindwa kuidhibiti altaneta, na betri itachemka hadi maji yaishe.

Simaanishi kwamba kila betri imeonewa. Betri iliyochajiwa ikajaa, ikasoma 12.6 ikiwa imelala, kisha ikaanguka hadi 8 mara stata inapoguswa, imekufa kweli. Inunulie mwenzake bila majuto. Ila uwe umeona namba hizo kwanza.

"Chomoa terminali injini ikiwa inanguruma. Ikizima, altaneta ni mbovu."

Dai hili lina ukoo wake, na ni haki kuutaja. Land Rover za Series II na Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 zilikuwa na dainamo, si altaneta. Dainamo haina dayodi, na ndani ya magari hayo hakukuwa na kifaa cha elektroniki cha kuungua. Fundi wa enzi hizo alichomoa terminali akaponea, akamfundisha mwanagenzi wake, naye akamfundisha wake. Gari lililo mbele yako leo halifanani na lile.

Altaneta inayochaji kwa nguvu ina sumaku ya umeme iliyoshiba ndani ya rota. Ukiiondoa betri ghafla, mkondo uliokuwa ukiingia humo unakosa pa kwenda, na katauti haiwahi kuipunguza ile sumaku. Kwa sehemu ndogo ya sekunde volti zinaruka, na kwenye mfumo wa volti 12 mruko huo unaweza kupita 80. Dayodi za altaneta, katauti ya transista, redio uliyoinunua mwezi jana: chochote kati ya hivi kinaweza kuondoka na mruko mmoja. Jaribio la kutafuta altaneta mbovu ndilo linaloizaa.

Tuseme una bahati na hakuna kilichoungua. Umejifunza nini? Karibu hakuna. Injini ya petroli ya 504 yenye pointi na koili ya kawaida inahitaji ampea 3 au 4 tu ili iendelee kuwaka. Altaneta iliyopoteza sehemu ya dayodi zake inazimudu hizo. Injini inaendelea kunguruma, fundi anatangaza "iko sawa", na jioni ukiwasha taa kubwa na waipa mvua ikiteremka kutoka Mlima Elgon, betri inaanza kuliwa. Kwa dizeli za zamani zinazozimwa kwa kuvuta kebo, jaribio hili ni kichekesho kabisa. Ikishawaka, injini ya namna hiyo haihitaji umeme. Unaweza kuitupa betri pamoja na altaneta yake ndani ya Mto Kuywa, na gari likanguruma mpaka mafuta yaishe. Mita ingekwambia yote hayo bila kuchomoa kitu.

"Taa ya chaji haiwaki, kwa hiyo inachaji."

Taa hiyo ndogo nyekundu ya dashibodi haielewi chaji. Upande mmoja inapata umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, upande mwingine inapata umeme wa altaneta. Pande mbili zikitofautiana, mkondo unapita na taa inawaka. Zikilingana, inazima. Na balbu yenyewe ikiwa imeungua, inazima vile vile, daima, hata altaneta ikiwa nyumbani mezani.

Kwa hiyo itazame kabla ya kuwasha injini. Geuza ufunguo hatua moja, usipige stata. Taa ni lazima iwake. Isipowaka, acha kila kitu utafute sababu: balbu, fyuzi, waya uliokatika nyuma ya dashibodi, au kaboni za altaneta zilizolika hadi zisiguse rota. Kwenye altaneta nyingi zenye katauti ndani yake, kama zile za Lucas za jamii ya ACR na za Bosch, mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoipa rota sumaku ya kwanza. Balbu ya wati 2 ikiungua, altaneta nzima inaweza kukaa kimya. Kuna dalili inayowachanganya watu hapa: gari halichaji linapowashwa, ila ukikanyaga mafuta kwa nguvu mara moja, linaanza kuchaji na halisumbui tena hadi kesho. Hapo rota inaamka kwa mabaki ya sumaku yaliyo kwenye chuma chake. Altaneta ni nzima. Dawa ni balbu ya bei ya chai na mandazi, na nimeona watu wakinunua altaneta.

Si magari yote yaliyo hivyo, na hapa ndipo fundi wa kubahatisha anapopotea. Kwenye mifumo mingine ya zamani, hasa yenye katauti iliyofungwa pembeni ya boneti, rota hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na balbu ni mtazamaji tu. Jua uliyo nayo kabla ya kulaumu.

Na taa inayowaka hafifu gizani, injini ikiwa imewaka, wakati mchana huioni? Usiipuuze eti "inapepesa tu". Kuna tofauti ndogo ya volti kati ya pande zake mbili, na mara nyingi maana yake ni dayodi iliyoungua au kiungo kilicholegea kati ya altaneta na betri.

Kabla sijaonekana kama mtu anayedharau mafundi wa jua kali, kuna ujanja wao mmoja ambao ni sahihi kabisa. Ufunguo ukiwa umegeuzwa na injini haijawashwa, wanasogeza bisibisi karibu na beringi ya nyuma ya altaneta. Ikivutwa, rota ina sumaku, maana yake kaboni na njia ya kuipa umeme ziko hai. Isipovutwa, tatizo liko hapo. Haikwambii kama dayodi ni nzima, lakini kwa chombo kisicho na betri wala kioo, bisibisi inajitahidi sana.

"Baridi ya Kitale ndiyo inaua betri."

Madereva wanaokwenda Kitale kulala huko husema hivi, na ushahidi wao ni kwamba betri iliyokuwa nzuri Bungoma imekataa alfajiri. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi yake inauma. Lakini baridi haikuiua betri hiyo, iliifichua tu. Kemia ndani ya betri hupungua kasi ikiwa baridi, mafuta ya injini huwa mazito, stata inadai mkondo mkubwa zaidi, na betri iliyokuwa imechoka tayari inashindwa. Kwa joto la asubuhi la Kitale, ambalo haliko karibu na barafu, betri nzima hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu yake.

Kinachoua betri ni joto. Hula vyuma vya ndani, hukausha maji. Betri ya Kisumu au Mombasa huchakaa upesi kuliko ya Kitale, na ile iliyofungwa karibu na ekzosi huchakaa upesi kuliko ile iliyo mbali nayo. Kwa hiyo dereva aliyekwama Kitale asiulaumu mlima. Apime chaji atakaporudi.

"Ukilisukuma likawaka, ukifika Bungoma betri itakuwa imejaa."

Tufanye hesabu. Betri ya ampea-saa 60 iliyoisha kabisa. Altaneta ya ampea 40 ambayo haitoi zote injini ikinguruma polepole nyuma ya lori la miwa. Toa ampea 4 za koili, toa 8 za taa kubwa, toa za waipa. Tuseme kwa ukarimu betri inapata 20. Kutoka Chwele hadi Bungoma ni mwendo wa nusu saa hivi, kwa hiyo imeingia ampea-saa 10, yaani sehemu moja ya sita. Tena betri haipokei kwa kasi moja. Kadiri inavyojaa ndivyo inavyokataa, na sehemu ya mwisho huchukua masaa. Ukizima gari mbele ya benki ukidhani umejaza, utawahitaji wasukumaji wengine, nao wa mjini si wa bure.

Kuna hasara ya pili. Altaneta za magari haya zilitengenezwa kurudisha kile stata ilichokula, si kufufua betri iliyokauka. Ikilazimishwa kutoa nguvu zake zote saa nzima kwenye joto la injini, dayodi zake huteseka. Betri iliyoisha ipeleke kwenye chaja ya ukutani ilale huko. Na usiiache tupu wiki nzima ukisubiri mwisho wa mwezi: salfeti hujigandisha kwenye sahani zake, na ikishagandamana chaja haina la kufanya.

"Mkanda ukilia, ukaze mpaka usitikisike."

Mkanda wa feni unaolia unateleza, hilo ni kweli, na unaoteleza hauizungushi altaneta ipasavyo. Ila kuukaza kama uzi wa gitaa kunavuta beringi za altaneta na za pampu ya maji upande mmoja hadi zinakufa, na pampu ya maji ya 504 ikifa kwenye kilima cha Kapsokwony utasahau habari ya chaji. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ushuke kama sentimita moja. Kama ni mkavu, umenyooka kama rula na bado unalia, geuza uone upande wake wa ndani. Ukiwa unang'aa kama kioo, umekwisha. Badilisha. Kwenye Beetle mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa mkanda ule ule unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni inayopoza injini. Taa ya chaji ikiwaka ghafla ukiwa barabarani na Beetle, simama hapo hapo. Huenda umeme ndio tatizo lako dogo.

"Altaneta haitoi, ipeleke mjini ikafungwe upya."

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa altaneta nyingi zinazoshushwa kwenye magari haya huwa hazina kosa. Kosa liko kwenye nyaya. Fikiria gari la miaka 40 lililozoea njia za murram za Mukuyuni na Nalondo: mtikisiko, vumbi jekundu, kisha mvua. Nati zinalegea. Shaba inaota ukungu wa kijani ndani ya plastiki mahali macho hayafiki. Bodi imepakwa rangi mara kadhaa, na waya wa hasi, ule unaoiunganisha betri na bodi na injini, umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu.

Kiungo cha namna hiyo kikiwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, mkondo wa ampea 30 ukipita hapo unapoteza volti 1.5. Altaneta inatoa 14.2 kwenye mgongo wake. Betri inapata 12.7. Altaneta iko sawa, betri iko sawa, na gari halichaji. Ukiipeleka altaneta kwa fundi wa mjini, ataifunga kwenye mashine yake, ataiona inatoa, na hapo kuna aina mbili za mafundi: atakayekurudishia akwambie ni nzima, na atakayekubadilishia kaboni ili usiondoke mikono mitupu.

Usijaribu kuukamata ukinzani huo kwa kupima omu. Ni mdogo mno kwa mita ya kawaida, na gari likiwa limezimwa hauonekani. Ukamate ukiwa kazini. Washa injini, ipandishe, washa taa kubwa. Weka waya mmoja wa mita kwenye nati kubwa ya nyuma ya altaneta, na wa pili kwenye chanya ya betri, kwenye nguzo yenyewe, si kwenye klipu. Kati ya pointi hizo mbili kusionekane zaidi ya volti 0.3. Kisha weka mmoja kwenye mwili wa altaneta na mwingine kwenye hasi ya betri: hapo kusizidi 0.2. Namba ikizidi, fuata waya kiungo kwa kiungo mpaka uifikie hatua inayoruka. Msasa, spana na grisi kidogo juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa vitatosha.

Ikiwa nyaya zote ni safi na betri bado inapata 12 na kitu, sasa ishuku altaneta. Hapo pia mita inasaidia kabla ya kufungua nati. Igeuze upande wa umeme wa AC, uipime betri injini ikiwa imewaka. Altaneta yenye dayodi nzima huonyesha chini ya nusu volti. Ikipita hapo, dayodi imevuja, na sasa safari ya mjini ina sababu.

"Ongeza asidi kidogo, itapata nguvu."

Haitapata. Kinachopotea kwenye betri ya kawaida ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya kali kupita kiasi, sahani zinalika, na kile kipimo cha kuelea kinadanganya kwamba betri imejaa. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima, wala ya kijito cha mlimani hata yawe matamu namna gani, maana madini yaliyomo ndiyo adui.

Na lile la betri kuishiwa nguvu ikiwekwa kwenye sakafu ya simiti? Lilikuwa na ukweli zamani, enzi za maboksi ya mbao na raba yaliyovuja unyevu. Plastiki ya leo haijui tofauti ya simiti na kabati.

"Dainamo imekaa miaka, imekufa."

Hili ni la Land Rover zilizolala ghalani kwenye mashamba ya Trans Nzoia, ambazo vijana sasa wanazinunua kuzifufua. Dainamo huhitaji mabaki ya sumaku ili ianze kutoa, na ikikaa sana huyapoteza. Kuyarudisha ni kazi ya dakika: chomoa waya kwenye terminali yenye herufi F, iguse terminali hiyo kwa sekunde moja au mbili kwa waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye bodi. Basi.

Bado haitoi? Chomoa nyaya zote mbili, D na F, ziunganishe terminali hizo mbili pamoja, weka mita kati yake na mwili wa dainamo, kisha pandisha injini taratibu. Volti zipande haraka bila kuyumba. Usiziache zipite 20. Ikikwama karibu volti 1, koili za sumaku zina kasoro. Ikikwama karibu 5, ni amecha. Isiposoma chochote, angalia kaboni. Hivyo ndivyo Lucas walivyowafundisha mafundi wao, na sijaona njia bora zaidi. Ikifaulu hapo, kosa liko kwenye katauti au kwenye nyaya zinazokwenda huko.

Onyo moja kwa magari hayo: Land Rover nyingi za Series I na II zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi. Betri haikufungwa kinyume na fundi mlevi. Ukiisahihisha bila kujua unachofanya, au ukiweka altaneta bila kubadili mpangilio, dayodi zitakwenda kabla hujafunga boneti.

"Khocha, gari la zamani lazima lile betri usiku."

Kinyume chake. Gari la leo lina kompyuta zinazokaa macho, na limeruhusiwa kula miliampea 50 hivi likiwa limelala. 504 haina kompyuta. Bila saa na redio, inapaswa kula karibu sifuri. Ikiamka tupu, kuna kitu kinachokunywa, na mara nyingi ni kitu kilichoongezwa: king'ora, spika, taa ya chini ya kiti iliyofungwa na mpwa. Zima kila kitu, chomoa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya na nguzo ya betri, usiguse stata, kisha vuta fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ukizivuta zote na namba haijaanguka, chomoa waya mkubwa wa altaneta, kwa sababu ule hauna fyuzi kwenye magari mengi ya umri huu. Dayodi iliyovuja huiruhusu betri imwage umeme ndani ya altaneta usiku kucha. Kuna njia isiyo na mita hata: alfajiri, kabla ya kuwasha, gusa altaneta kwa kiganja. Ikiwa ina joto kidogo wakati injini yote ni baridi, umempata mwizi.

"Weka altaneta ya Toyota, yaishe." Na jirani yake: "Usiweke, ni kubwa, italipua betri."

La pili ni woga mtupu. Altaneta ya ampea 70 haisukumi ampea 70 ndani ya betri. Inashikilia volti, na kila kifaa kinavuta kinachohitaji. Dainamo ya Lucas C40 ya Land Rover ilitoa ampea 22, zikatosha kwa taa, waipa na koili. Mwenye gari akiongeza spotlaiti nne za wati 55, hizo peke yake zinakula ampea 16, na hapo dainamo haina hesabu inayoweza kuiokoa. Kubadilisha kuna mantiki.

La kwanza ni nusu ya kweli. Watu hufunga altaneta kubwa wakauacha waya ule ule mwembamba wa zamani, na waya huo hugeuka kuwa hita. Funga mnene zaidi hadi betri, mfupi iwezekanavyo, wenye fyuzi kubwa karibu na betri. Waya wa bodi nao uwe mnene vile vile. Hakikisha puli zimo kwenye mstari mmoja, la sivyo utanunua mikanda kila mwezi. Kama dashibodi ina mita ya ampea ya zamani ambayo mkondo wote ulipita ndani yake, usiipitishie ampea 70. Weka ya volti badala yake. Kisha, kabla ya kumlipa fundi, muombe apandishe injini na awashe taa zote, na upime mwenyewe kwenye nguzo za betri. Ikiwa chini ya 13.8, kazi haijaisha.